Futi Moja ya Jirani

Orie Nishiwaki aliolewa Kyoto akiwa na miaka ishirini na mitatu, na asubuhi yake ya kwanza katika kichochoro cha chini ya hekalu alifanya kosa ambalo mama mkwe wake alilisimulia mpaka siku ya kufa. Aliamka saa kumi na moja alfajiri, akachukua ufagio, akafagia kichochoro kizima. Kwao Ayabe, milimani, bibi harusi anayefagia mpaka kwa majirani husifiwa wiki nzima. Alifagia mlango wa wakwe, milango mitatu ya mashariki na mitatu ya magharibi, akanyunyiza maji, akarudi ndani na jasho lake na matumaini yake.

Mama mkwe, Bi Tome, hakupiga kelele. Watu wa kichochoro kile hawapigi kelele, na ndiyo maana wanaogopwa. Alivaa kimono yake ya kutokea, akanunua masanduku sita ya vitamu vya maharage, akazunguka nyumba sita akiinama na kuomba radhi kwa niaba ya mtoto wa watu aliyetoka msituni.

"Sikiliza, mwanangu," alimwambia jioni. "Unafagia mbele ya mlango wetu. Kisha unaingia kwa jirani futi moja. Futi moja tu. Ukiishia mpakani, umemwambia hutaki ujirani. Ukipita futi, umemwambia ni mvivu, au mgonjwa, au maisha yamemshinda. Na yeye anaingia kwetu futi moja. Basi."

"Na kama kweli ni mgonjwa, mama?"

"Kama ni mgonjwa, anajijua. Ufagio wako haukutumwa kumtangaza."

Orie alilishika somo lile kama wageni wanavyoshika masomo, yaani kuliko wenyeji. Miaka ikapita arobaini na zaidi, na hakuna aliyewahi kuona ufagio wake umekosea. Angeweza kuipima futi kwa jicho katika ukungu. Bi Tome alipofariki, majirani walisema msibani kwamba marehemu ameacha mkwe anayejua mipaka, na katika mji ule hiyo ni sifa ambayo mtu hupewa mara moja maishani.

Mumewe, Kozo, alikuwa karani mpole ambaye siku moja alirudi nyumbani kutoka kazini saa sita mchana na kutangaza kwamba chumba cha mbele kitakuwa mkahawa. Alinunua viti vinane virefu, mashine ya kusagia, na vikombe vya buluu ambavyo hakuna viwili vilivyofanana. Aliuendesha miaka kumi na tisa, akiwa na furaha ya mtu aliyetoroka, kisha ini likamchukua. Orie hakuwa hata akipenda kahawa. Alifunga mkahawa siku arobaini na tisa za matanga, siku ya hamsini akafungua mlango, kwa sababu wazee wa asubuhi walikuwa wamesimama nje na hakuna aliyeweza kuwaambia waende wapi.

Kuanzia saa tatu, wageni wa hekalu hupita hapo kwenda juu: wasichana waliokodi kimono za siku moja, wanaotembea kama watu walioazima na miguu pia, na waume zao waliobeba mikoba. Wengi hupita tu. Wachache huchoka. Mkahawa wa Orie uliishi kwa waliochoka.

Na kwa Fundi. Sadakichi Uemura alikuwa jirani wa mashariki, mjane wa miaka sabini na tisa, mkunjaji wa karatasi za mapepeo. Kazi yake ilikuwa hiyo tu: karatasi yenye unyevu katikati ya kalibu mbili, mkunjo baada ya mkunjo, kisha inakwenda kwa mtu mwingine mtaa mwingine kutiwa mifupa. Ukoo wake ulikuwa umekunja karatasi katika chumba kile kile vizazi kumi na kimoja. Jirani wa upande wake wa pili, Bi Hamuro muuza achari, alikuwa wa kizazi cha tatu tu kichochoroni, na wazee walimwita bado "wale waliohamia." Orie hakuwa hata kwenye orodha hiyo.

Kila siku saa nne asubuhi Fundi aliweka kalibu chini, akavuka hatua tisa, akaketi kiti cha tatu.

"Bi Nishiwaki, kahawa hii umeichuja kwa soksi?"

"Soksi zako, Fundi. Nilizikuta zimeanikwa upande wangu."

"Ndiyo maana leo ina ladha kidogo."

"Basi lete na nyingine kesho, biashara ichangamke."

Alikunywa yote, aliilalamikia yote, akarudi kazini saa nne na nusu. Kwa miaka ishirini hawakuwahi kuzungumza jambo la maana, na hapakuwa na mtu mwingine duniani ambaye Orie alimtegemea kiasi kile.

Jambo moja tu la maana Fundi alilisema, na alilisema mbele ya wateja, mwaka ule goti lake lilipoanza kuvimba. Binti yake, Chizuko, alikuwa akiishi Otsu, ng'ambo ya kilima, katika jengo la ghorofa lenye lifti, na alikuwa akimwomba ahamie huko.

"Nimemwambia, mwanangu, usinisumbue," alisema Fundi akikoroga kikombe ambacho hakikuwa na sukari. "Siku nitakaposhindwa kufagia mlango wangu, nitakuja mwenyewe, na mto wangu kwapani. Kabla ya hapo, hata unitumie jeshi."

"Na ukishindwa, nani atajua?" aliuliza mteja mmoja.

"Kichochoro kitajua."

Wakacheka. Orie naye alicheka.

Wakati wa majani mekundu, hekalu humwaga majani yake kichochoroni bila kuuliza mtu, na upepo wa mlimani huyasambaza kwa haki isiyo ya kawaida katika mji ule, kila mlango fungu lake. Fundi sasa alifagia saa mbili badala ya saa kumi na mbili, akisimama kila baada ya hatua mbili kama mtu anayetazama mawingu. Kila mtu aliona. Kila mtu alitazama mawingu pamoja naye.

Kisha ikaja simu kutoka Tokyo. Jarida la wanaopenda kusafiri lilitaka picha ya mkahawa kwa ajili ya ukurasa wa mikahawa iliyojificha. Mpiga picha angefika saa moja asubuhi, mwanga ukiwa bado laini. Orie aliweka simu chini akajiambia kwamba mambo hayo hayamhusu mwanamke wa miaka sitini na sita. Kisha akaenda kutengeneza nywele.

Usiku ule upepo ulivuma. Saa kumi na moja na nusu alitoka na ufagio, akafagia mlango wake mpaka mawe yakaonekana, akaingia upande wa Fundi futi moja, akasimama. Mbele yake mlango wa Fundi ulikuwa umezama: majani yaliyolowa, ya jana na ya juzi, pamoja na mfuko wa plastiki wa mgeni fulani. Alirudi nyuma mpaka mahali alipodhani mpiga picha atasimama, akatazama. Mkahawa ulionekana kama jino jeupe katika kinywa kibovu.

Aliwaza nini? Baadaye alijaribu sana kukumbuka kwamba alilifikiria goti la Fundi. Hakulifikiria. Aliwaza picha. Alifagia mlango wote wa Fundi, mpaka bomba la mvua la Bi Hamuro, akanyunyiza maji, akaingia ndani kunawa. Ilichukua dakika kumi na moja, na ilikuwa kazi safi.

Fundi alitoka mapema kuliko kawaida, saa kumi na mbili na nusu, ufagio mkononi. Labda naye alikuwa amesikia habari za picha na hakutaka kumwaibisha jirani. Orie alimwona kupitia dirisha akisimama kizingitini, akitazama mawe yenye maji. Akatoka mbio, aproni haijafungwa.

"Umeamka mapema, Bi Nishiwaki."

"Aa, Fundi, si kitu, majani yalikuwa mengi tu."

"Mengi kweli." Aliinama, na kwa goti lile haikuwa kazi ndogo. "Mlango wangu haujawahi kung'aa namna hii. Hata marehemu mke wangu hakuuweza. Nimekutia taabuni."

"Taabu gani, Fundi! Mimi tu..."

Hapo ndipo neno lilipotakiwa kutoka. Lilikuwa neno fupi: nilitaka picha iwe nzuri. Lingemfanya Orie aonekane mwanamke mwenye majivuno aliyetengeneza nywele kwa ajili ya jarida, jambo ambalo lilikuwa kweli. Kutosema kulimfanya aonekane mwenye huruma. Kuonewa huruma ni fedheha; kudhaniwa mwenye huruma ni heshima. Aliangalia ufagio wa Fundi, mkavu, na akanyamaza.

"Asante sana," alisema Fundi, akaingia ndani, akafunga mlango taratibu.

Mpiga picha alifika saa moja, msichana mwenye haraka, akapiga picha nusu saa akaondoka.

Saa tano na nusu Fundi alikuja. Hakuketi. Alileta sanduku la vitamu kutoka lile duka la zamani ambalo watu huliendea wakiwa na msiba au posa, limefungwa kwa karatasi nyeupe. Katika kichochoro kile, zawadi ya shukrani ikija baada ya wiki ni shukrani. Ikija kabla ya saa sita mchana, ni risiti.

"Kidogo tu, Bi Nishiwaki. Kwa wema wako."

Orie alilipokea kwa mikono miwili. Alijua uzito wake.

Bado mambo yangeweza kurekebishwa. Fundi alikuja kunywa kahawa siku tatu mfululizo, na siku zote tatu aliisifu. Siku ya nne hakuja. Siku hiyo hiyo Bi Hamuro alivuka kuja kununua maziwa ya kahawa asiyoyahitaji, akasema kwa sauti iliyofika viti vyote vinane:

"Jamani, dada yangu, una moyo! Niliona kwa dirisha. Kumfagilia mzee wa watu gizani, bila kutaka kuonekana. Sisi tulio karibu naye tumelala tu."

"Hapana, dada, si hivyo..."

"Si hivyo, anasema! Mnamsikia?"

Wateja wakamtazama Orie kwa macho laini, na Orie akainamisha kichwa. Kile kichwa kilichoinama ndicho alichojutia kuliko ufagio. Ufagio ulikuwa dakika kumi na moja. Kichwa kilikaa chini majuma matano, kila aliyempongeza akakikuta palepale, na kila pongezi ilipita kwenye ukuta wa mbao na kuingia chumba cha kalibu. Siku moja kabla ya mwaka mpya, Chizuko alikuja na gari dogo la mizigo.

Fundi alizunguka kuaga, nyumba kwa nyumba, kama inavyotakiwa. Kwa Orie alifika mwisho.

"Nimekuwa mzigo kwenu muda mrefu," alisema.

"Usiseme hivyo, Fundi. Tutakukosa."

"Otsu si mbali. Wanasema kuna ziwa."

"Ukipita karibu, ingia."

"Nitaingia."

Walikuwa wamebaki peke yao kizingitini, Chizuko akiwa ndani ya gari na kichwa chake kimegeukia upande mwingine kwa adabu. Orie alifungua kinywa. Kilichotoka ni kwamba ajihadhari na baridi. Fundi akasema naye ajihadhari.

Jarida lilitoka mwezi wa pili. Mkahawa ulipewa picha yenye ukubwa wa stempu. Ilionyesha kikombe cha buluu na kijiko. Hapakuonekana jiwe hata moja la kichochoro.

Nyumba ya Fundi ikawa duka la kukodisha kimono. Wasichana husimama foleni mpaka mbele ya mkahawa, huchoka, huingia. Biashara ya Orie haijawahi kuwa nzuri kama ilivyokuwa mwaka ule, jambo ambalo alilichukulia kama utani wa mtu asiyempenda. Mpaka wa mashariki ulifagiliwa na kampuni, kwa mashine yenye kelele, Jumatatu na Alhamisi.

Ilimchukua mwaka mmoja na miezi minne. Jumatano moja alibandika karatasi mlangoni, akapanda treni kwenda Otsu. Safari ni dakika kumi. Aliifanya kichwani mara nyingi kiasi kwamba alishangaa kukuta ina vituo.

Fundi alikuwa ghorofa ya tisa, kwenye kiti karibu na dirisha, goti limefunikwa blanketi. Alikuwa amepungua.

"Bi Nishiwaki! Umeleta ile sumu yako?"

"Nimeisahau, Fundi."

"Mungu yupo."

Chizuko aliwaletea kahawa ya mashine, akarudi jikoni kugonganisha vyombo ili wasikie kwamba hasikilizi. Orie aliweka kikombe mezani na kusema yote kwa pumzi moja, kama mtu anayerudisha kitu cha wizi: jarida, nywele, jino jeupe, dakika kumi na moja. Kwamba hakuwa amemhurumia. Kwamba hata hakuwa amemfikiria.

Fundi alikunja ukingo wa blanketi, mkunjo baada ya mkunjo.

"Picha ilitoka?"

"Ilitoka."

"Mlango wangu ulionekana?"

"Hapana. Kikombe tu. Na kijiko."

Kicheko kilimjia polepole, kikamshika kifuani, kikageuka kikohozi mpaka Chizuko akachungulia. Alimfukuza kwa mkono.

"Kijiko!" alisema, akijifuta macho. "Mwanamke wewe. Ungeniambia asubuhi ile ningekutukana mpaka adhuhuri. Ningekwambia nywele zako zimekaa kama kiota. Na saa nne ningekuja kunywa soksi zangu."

"Najua."

"Hujui. Nilikaa na simu mapajani tangu saa mbili. Nikasema, ngoja, huyu anajua futi kuliko sisi, hawezi kukosea bure. Kuna sababu. Atakuja aniambie. Nilisikia ukiosha vikombe. Saa tano nikampigia huyu." Alielekeza kidevu jikoni. "Kisha nikaenda kununua vitamu."

Ukuta ule ulikuwa wa mbao nyembamba. Saa tatu nzima Fundi alikuwa upande wa pili akisubiri, na Orie akiosha vikombe ambavyo tayari vilikuwa safi.

"Nisamehe, Fundi."

"Nikusamehe nini, nina lifti." Alitazama dirishani. Ziwa lilikuwa chini, la kijivu, na si mali ya mtu yeyote. "Ndani kwangu kuna nini sasa?"

"Kimono za kukodi. Chumba cha kalibu kimewekwa vioo."

Alitikisa kichwa kana kwamba ameambiwa bei ya samaki.

"Nina ombi moja," alisema baadaye. "Waambie kule. Hamuro na wenzake. Sisi tumekaa pale vizazi kumi na kimoja, na najua watakachokumbuka: mzee aliyefagiliwa mlango. Waambie ilikuwa picha. Waambie nilikuwa nimeshika ufagio."

"Nitawaambia."

Alitimiza. Jioni ile ile alimkuta Bi Hamuro akifunga mapipa ya achari.

"Umetoka kumtazama Fundi, dada? Moyo huo!"

"Dada, nisikilize. Siku ile sikumfagilia kwa huruma. Nilifagia kwa ajili ya picha ya jarida. Yeye mwenyewe alitoka na ufagio mkononi."

Bi Hamuro alimtazama, machozi yakimlengalenga. "Haya," alisema, akimshika mkono. "Sawa, dada. Ilikuwa picha."

Kesho yake Orie akasikia, kutoka kwa mteja wa kiti cha pili, kwamba Bi Nishiwaki hataki kabisa kusifiwa, ndivyo alivyo, hata amebuni kisa cha jarida ili mzee asijisikie vibaya. Alitoa jarida lenyewe. Wakaliangalia. Pale palikuwa na kikombe na kijiko, na hakuna awezaye kufagia milango miwili kwa ajili ya kijiko.

Mwezi uliofuata, kwenye mkutano wa mtaa katika ukumbi wa hekalu, baada ya ajenda ya takataka, aliomba nafasi, akasimama mbele ya watu kumi na mmoja, akasema tena, wazi, kwa sauti ambayo Bi Tome asingeiidhinisha. Alisema yeye ni mwanamke wa majivuno. Alisema Fundi Uemura hakuwahi kushindwa kufagia mlango wake. Walimsikiliza kwa heshima kubwa. Alipoketi, mwenyekiti alisema kwamba unyenyekevu wa namna hii unapotea siku hizi, na wote kumi na mmoja wakapiga makofi, polepole, kama mvua inayoanza.

Usiku alichukua kadi ya posta akamwandikia Fundi: *Nimewaambia wote, mbele ya mkutano.* Ilikuwa sentensi ya kweli. Chini yake kadi ilikuwa na nafasi ya kutosha kueleza walivyoipokea. Aliitazama nafasi hiyo mpaka chai ikapoa. Kisha akaijaza kwa habari za baridi, ambayo mwaka huu imechelewa kuondoka, na kumtakia goti lake nafuu.